Watu Walioandikwa Kwamba Wamekwisha

Mwezi wa nne nilikaa kwenye mafunzo ya siku mbili hapa Juba, yale ya ukumbi wenye viti vya plastiki na feni inayosimama kila umeme ukikatika. Mada ilikuwa lugha ndogo za ukanda wetu. Mwezeshaji, dada mmoja mwenye bidii, alituonyesha ukutani orodha yenye kichwa "Watu na lugha zilizotoweka". Katikati ya orodha nikasoma: El Molo, Ziwa Turkana, Kenya. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, "Samahani dada, hawa nilikula nao samaki mwaka 2021. Hata chenji yangu ya shilingi hamsini bado wanayo."

Watu wakacheka, yeye pia akacheka, halafu akaeleza kwamba lugha yao ya zamani ndiyo iliyokwisha, wao wenyewe wapo. Alikuwa sahihi. Lakini kile kichwa cha habari kilibaki pale ukutani mpaka saa ya chakula, na mimi nikabaki nakitazama. Mhariri wa jarida hili alikuwa amekaa nyuma yangu. Akanigusa bega akasema, andika. Basi ndiyo haya.

Kwanza niseme mimi ni nani, manake msomaji wa Gorom na msomaji wa ofisini hawatanisoma kwa jicho moja. Mimi ni Mdidinga. Nilitoka Chukudum mwaka 1999 nikiwa na miaka minane, mdogo wangu mgongoni na sufuria mkononi. Tukafika Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wale vijana waliotembea kutoka Ethiopia, na sisi tukawakuta wameshakuwa wenyeji. Kiswahili nilikipata kwenye foleni ya maji na kwenye mpira. Kiturkana nilikipata kwa wenye nchi waliokuja kutuuzia kuni na makaa. Kididinga kilikuwa cha nyumbani, cha mama. Mama alifariki mwaka 2007, akazikwa palepale Kakuma, na kuanzia hapo nyumba yetu ikawa inaongea Kiswahili. Hakuna aliyeitisha kikao akaamua hivyo. Ilitokea tu, kama vile mtu anavyoacha kuvaa shati fulani.

Baadaye nikawa utingo wa malori ya Isiolo. Kazi ya utingo mnaijua: unafunga turubai, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, unalala juu ya mzigo. Mwaka 2021 tulipakia mabati na saruji kwenda Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit. Lami tuliiacha Laisamis. Mbele ukapita kwenye ile mitambo ya upepo, 365 yote, inazunguka katikati ya mahali ambapo huoni nyumba wala mti, na umeme wake unakwenda kwa waya mrefu kuelekea kusini. Dereva akasema, "Angalia, huku wanavuna upepo." Ukishaupata huo upepo hutabisha. Unashuka kutoka Mlima Kulal usiku kama mtu anayefukuzwa. Kisha barabara inashuka kwenye mawe meusi ya volkano, mawe tupu, na ghafla chini unaona maji mpaka mwisho wa macho, rangi yake kati ya kijani na buluu.

Nilikuwa nimeliona ziwa hilo mara moja tu, upande wa magharibi, Kalokol. Kutoka mashariki ni ziwa lingine. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 6,400, na urefu wake unazidi kilomita 250. Hakuna ziwa la kudumu la jangwani kubwa kuliko hilo duniani. Maji yake karibu yote, kama asilimia 90, yanaletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Yanayoingia hayana njia nyingine ila kupanda juu kwa jua. Ndiyo maana yana magadi. Unaweza kuyanywa, lakini utajua umekunywa.

Kilomita chache kabla ya Loiyangalani springi ya lori ikavunjika. Tukajikokota mpaka mjini, tukashusha mzigo, dereva akapiga simu Isiolo, akaambiwa springi itakuja na gari la samaki baada ya siku tatu. Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili nikapanda pikipiki ya kijana wa Kiturkana aliyefurahi kusikia ninaongea lugha yake, akanipeleka kaskazini, kama nusu saa, mpaka Layeni, kijiji cha Waelmolo kilicho kwenye ghuba.

Nyumba za pale ni za duara, chini, zimefunikwa majani ya mikoma na nyasi, na siku hizi pia vipande vya turubai ambavyo mtu wa kambini anavitambua kwa mbali. Nilisimama nikasoma maandishi ya shirika kwenye turubai moja. Mama mmoja akanijia na shanga.

"Wewe mtalii?"

"Hapana mama. Mimi mkimbizi."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mkimbizi anakuja kutembea?" Akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Mgeni anayeingia kijijini analipa kidogo, ndiyo utaratibu wao, na mimi nililipa. Nilitoa noti ya mia tano, wakasema chenji ya hamsini itapatikana nikirudi. Nilikuwa nimebeba pia sukari na majani ya chai. Hivyo ndivyo vilivyonifungulia mlango kuliko ile noti.

Lakini kijiji nilichotaka kukiona ni cha upande wa pili wa maji, Komote. Wazee wa Layeni walinionyesha kwa kidole: mlima mdogo wa mawe, juu yake nyumba kama vichuguu. "Zamani tulikuwa tunakwenda kwa mguu," akasema mmoja. Nikadhani zamani yake ni ya mababu. Kumbe ni miaka michache tu. Ile ilikuwa rasi, imeshikana na nchi kavu. Ziwa likapanda, likaikata, ikawa kisiwa. Ripoti ya serikali ya Kenya iliyotoka mwaka uleule wa safari yangu inasema kati ya mwaka 2010 na 2020 Ziwa Turkana liliongezeka eneo kwa karibu asilimia 10. Ukisoma kwenye karatasi unaona ni kidogo. Kwa Waelmolo, hiyo asilimia 10 ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kwa shangazi, na bomba la maji matamu, na makaburi.

Vijana wawili walinivusha kwa boti ya mbao. Mmoja akapiga kasia, mwingine akachota maji yaliyokuwa yanaingia chini. Katikati ya safari yule wa kasia akanionyesha upande wa kushoto ambapo maji yalikuwa yametulia. "Hapo chini kuna wazee," akasema. Nilifikiri anazungumzia mamba. Alikuwa anazungumzia makaburi, yale malundo ya mawe ya mababu zao ambayo maji yameyafunika. Sikusema kitu. Nilimfikiria mama yangu kule Kakuma. Kaburi lake liko kwenye nchi kavu, kavu kabisa, lakini na mimi siku hizi sifiki.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu bila historia utaona kisiwa cha maskini tu, upige picha uondoke. Wengi wamefanya hivyo.

Wazungu wa kwanza kulifikia ziwa hili na kuliandika walikuwa Sámuel Teleki, kabaila wa Kihungari aliyependa kuwinda, na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la maji la Austria. Walifika Machi 1888. Lakini hawakufika peke yao. Mizigo ilibebwa na mamia ya wapagazi, wengi wao watu wa pwani, waliokodiwa Unguja na Pangani, na kati ya waliowaonyesha njia alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyejua nchi ya Wamasai. Kwa hiyo Kiswahili kilifika kwenye ziwa lile pamoja na Wazungu, tena kikiwa na mzigo kichwani na njaa tumboni, manake chakula kiliwaishia na wengi walikufa njiani. Mimi utingo nilifurahi sana nilipojua hivyo. Wale ni wakubwa zangu wa kazi.

Teleki akalipa ziwa jina la mrithi wa ufalme wa Austria, Rudolf. Mwana wa mfalme huyo akajiua Januari 1889, hata mwaka haujatimia, bila kuonja tone la maji ya ziwa lake. Jina lake likakaa pale mpaka mwaka 1975, Kenya ilipolibadilisha kuwa Turkana. Wasamburu walikuwa wameshaliita ziwa jeusi tangu zamani, lakini ramani huwa haina nafasi ya majina yote.

Von Höhnel aliwaandika watu aliowakuta kwenye vijisiwa, mbali kidogo na ufuko. Mafukara, wala samaki, wachache. Kuanzia hapo kila aliyepita akaandika neno hilohilo, wachache, na baada yake neno la pili, wanakwisha. Mwaka 1934 msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs uliwahesabu, hawakufika mia moja. Wawili wa msafara huo, Dyson na Martin, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini, hawakuonekana tena mpaka leo. Miaka mitatu baadaye ikatoka makala ya kitaalamu kuhusu Waelmolo yenye majina ya Dyson na Fuchs. Hebu fikiria: aliyeandika habari za watu wanaokwisha ameliwa na ziwa, na wanaokwisha bado wapo wanavua. Sisemi kwa kebehi, ni vijana waliokufa na walikuwa na mama zao. Ila ni jambo la kukumbuka unaposoma makala yao.

Sasa swali langu, ambalo nililibeba mpaka Komote: kwa nini mtu akae kisiwani? Pale juu hakuna mti. Kuni zinatoka ng'ambo. Maji ya ziwa yana floridi nyingi, unaiona kwenye meno ya watu, yamekuwa kahawia tangu utotoni, na kwenye miguu ya baadhi ya wazee iliyopinda kama upinde. (Ndugu wa mashirika, tafadhali, msipeleke dawa ya meno.)

Nilimuuliza mzee aliyenikaribisha. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba yake, upande usio na upepo, anatengeneza wavu. Zamani nyavu zilisokotwa kwa nyuzi za mkoma, na mtumbwi ulikuwa magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja, unasimama juu yake na chusa mkononi. Wavu wake ulikuwa wa nailoni. Tuliongea Kiswahili, kikigoma anaingiza Kisamburu, kijana wake anatafsiri.

"Kule ng'ambo," akasema, "mwenye ng'ombe anamnyang'anya mwenye ng'ombe. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Na wao hawakuwa na magogo ya kuvuka. Basi walituacha."

Ni sentensi tatu tu, lakini karne nzima ya kaskazini ya Kenya imo humo ndani. Kwenye ufuko ule walipishana Waturkana, Wasamburu, Warendille na Wadasanachi, kila mmoja na mifugo na mikuki, baadaye bunduki. Aliyekuwa kwenye maji alikuwa salama kwa sababu mbili: hafikiki, na hana cha kuibiwa. Kisiwa kilikuwa kambi. Nilimwambia hivyo mzee, akaniomba nimweleze kambi ni nini. Nikamweleza: mahali unapokaa kwa sababu hapafikiki na waliokufukuza, maji shida, kuni zinatoka mbali, na kuna watu wanakuja kukuhesabu. Akatikisa kichwa. "Ndiyo," akasema. "Ni hapa."

Kisha akaniambia jambo ambalo silioni kwenye maandishi ya wale wapita njia. Babu wa baba yake hakuzaliwa Mwelmolo. Alikuja na fimbo mkononi, ng'ombe wake wote wamekufa. Kwa hesabu ya vizazi ni wakati wa sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliofagia Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuacha wafugaji hawana hata ndama. Wanahistoria waliosikiliza wazee wa upande ule wameandika hivyohivyo: Wasamburu na Warendille waliofilisika walikwenda ziwani wakawa wavuvi, wengine mpaka walipopata mifugo tena wakarudi, wengine wakabaki moja kwa moja.

"Walimpa nini?" nikauliza.

"Walimpa ncha ya wavu ashike. Ukishika wavu, unakula."

Kwa hiyo nilikuwa nimekosea kidogo. Kisiwa kilikuwa kambi, sawa, lakini Waelmolo hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwa pia wenyeji waliopokea wakimbizi, na walipokea bila karatasi. Hata jina lao linatoka kwa waliokuja. El Molo ni jina la Kimaa, wanalopewa watu wanaoishi kwa samaki badala ya ng'ombe, na lina dharau ndani yake. Kwa lugha yao ya zamani walijiita Gura Pau, watu wa ziwa. Ndugu zangu wa Bor wataelewa upesi, manake nao wana neno monythany kwa wavuvi wa kwenye mabwawa wasio na mifugo, na wanajua linavyotamkwa na mwenye ng'ombe. Wanajua pia kwamba vita vilipofika, mwenye ng'ombe alimfuata monythany kwenye maji.

Na hili si la zamani. Vita vyetu vya 2013 vilipowasha jimbo la Unity, watu waliingia kwenye maji ya Sudd wakakaa kwenye visiwa vya kuzunguka Nyal, kaunti ya Panyijiar, wakila samaki na mizizi ya yungiyungi, na wasiokuwa na mtumbwi wakavushwa na wavuvi. Wengine wapo huko mpaka leo. Nilikutana na mmoja wao hapa Juba, soko la Konyokonyo, anauza samaki mkavu. Nilimsimulia habari za Komote. Aliuliza swali moja tu: "Mbu wapo?" Nikasema upepo unawafukuza. Akasema basi hao wana bahati.

Lugha ilikwendaje? Hii ndiyo sehemu ambayo orodha ya mwezeshaji haikuwa na nafasi ya kueleza. Hakuna aliyewakataza kuisema. Lugha yao ya Kikushi, jamaa ya lugha za kule juu Omo, iliondoka kwa amani. Vita vya ng'ombe vilipopungua, wakati wa Waingereza, watu walianza kushuka kutoka visiwani. Wakapata mbuzi. Wakaoa na kuolewa na Wasamburu. Harusi ikataka ng'ombe, mazungumzo ya harusi yakataka Kisamburu, na mtoto aliyezaliwa akaona hakuna haja ya lugha ya kuzungumza na samaki. Mtaalamu wa lugha wa Kijerumani, Bernd Heine, alipokwenda miaka ya 1970, alikuta wazee wachache tu wanaoikumbuka. Mzee wangu wa Komote ana maneno. Majina ya samaki anayo, vitu vya mtumbwi na chusa anavyo, na namna ya kuita kiboko bila kumwita kiboko. Sentensi nzima hana. Alisema yanamjia usiku, moja moja, kwa sauti ya bibi yake.

Kuhusu kiboko aliongea kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, nami sitaweza kuyaandika yote. Zamani kijana hakuwa mtu mpaka amewinda kiboko kwa chusa, kundi zima majini, na aliyempiga wa kwanza alivaa pambo la mfupa wa kiboko sikioni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mzee hakulalamika sana. Alisema viboko wa ghuba yao wameisha wenyewe, na mamba sasa ndiye anayewinda watu, kwa sababu maji yamemleta mpaka mlangoni kwa watoto. Nilipovuka nilikuwa nimeona nguzo za ua zikichungulia majini. Aliniambia pale palikuwa pa shule.

Cha kuchekesha, kama mtu anaweza kucheka, ni kwamba dunia ilikuwa inawalilia kwa jambo lingine kabisa. Ethiopia ilijenga bwawa la Gibe III kwenye mto Omo, ikaanza kulijaza mwaka 2015, ziwa likashuka, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kila kikao kilikuwa kuhusu ziwa kukauka. Halafu mvua ikanyesha kule juu, ziwa likapanda, likala makaburi. Mzee alisema walikuja watu wa kuwafundisha kuishi bila ziwa. "Tukawasikiliza vizuri," akasema.

Tuje kwenye hesabu, ambayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliandika Waelmolo 2,840. Ya mwaka 2019 ikaandika 1,104. Mtu akisoma hizo namba bila kufika pale atasema wamekwisha zaidi ya nusu, na ataongeza mstari kwenye orodha. Lakini haikupita tauni, wala vita vya kuua watu 1,700. Nilimuuliza mzee. Alinijibu kwa kunionyesha nyumba kwa kidole. Ile, mama ni Mturkana. Ile, baba Msamburu, mama wa hapa. Ile, watoto wako Marsabit shuleni. "Karani anauliza, wewe kabila gani. Siku hiyo mtu anajibu la baba, siku nyingine la mama. Na siku nyingine anajibu lile lenye chakula." Mimi nafikiri namba zote mbili ni kweli na zote mbili si kweli. Zinahesabu majibu.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Mwaka mmoja kule kambini kulikuwa na uhakiki, vidole kwenye mashine, na mimi nilikuwa na malaria. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nasikia foleni ikipita nje, nasikia watu wakiitana majina. Niliposimama baada ya siku nne, kadi yetu ilikuwa na watu wawili badala ya watatu. Ofisi niliyokwenda, sitaitaja, ilinieleza kwa upole kwamba kwenye mfumo mimi sipo. Nilimwambia yule ofisa, mimi huyu hapa. Akasema anaelewa. Ilichukua miezi saba. Miezi saba nilikula sehemu ya mdogo wangu, na mama yangu alikuwa hai bado, akawa anasema kwa Kididinga kila tunapokaa kula kwamba yeye amezaa watatu. Hiyo sentensi bado ninayo nzima, kwa sauti yake.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, sisemi msihesabu. Bila kuhesabu unga hauji, na mimi nimekula huo unga. Nasema tu mkifika mahali mkakuta namba imepungua, ulizeni kabla ya kuandika kwamba watu wamekwisha. Inawezekana walikuwa wamelala.

Jua lilipoanza kushuka upepo ukaongezeka na vijana wa boti wakaanza kuniangalia. Mzee alikuwa na swali lake la mwisho. Alikuwa amenipa neno la ziwa kwa lugha ya bibi yake, nikalirudia mara tatu mpaka akaridhika. Sasa akasema, "Na wewe nipe lako. Kwenu mnaliitaje?"

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikatafuta kwa Kididinga, nikakuta Kiturkana kimekaa mlangoni, nyuma yake Kiswahili. Mzee alisubiri. Hakunicheka. Akarudi kwenye wavu wake akasema polepole, "Litakuja usiku."

Halikuja usiku. Asubuhi, Loiyangalani, upepo ukiwa umepungua kidogo, nikapanda juu ya lori kutafuta mtandao, nikampigia shangazi. Wakati huo alikuwa bado Chukudum. Nikamuuliza ziwa linaitwaje kwa Kididinga. Shangazi alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Sisi ni watu wa mlima, mwanangu, ziwa tulitoe wapi?" Akanipa neno la mto badala yake, akasema hilo linatosha kwa sasa. Nikaliandika nyuma ya risiti ya saruji, pamoja na lile la mzee, moja juu, moja chini. Springi ikafika mchana na gari la samaki, tukaondoka. Isiolo dereva akachukua risiti zote kwa ajili ya hesabu za tajiri, na mimi nilikuwa nimelala juu ya turubai.

Siku hizi shangazi anakaa Gudele, dakika ishirini kwa boda kutoka ninapoandika. Jumapili nimekwenda kumuuliza tena. Akataka kujua lile la kwanza nimelipeleka wapi.